Kungojea masini ya moshi

Tangu mwezi uliopita, ndani ya chama chetu kuna watu sita ambao hawazungumzi kitu kingine. Wamelipa nafasi zao kwa safari ya siku moja ya treni ya moshi kule Afrika ya Kusini, toka Pretoria mpaka mji mdogo wa Cullinan, kwenda na kurudi. Kufika Pretoria tu ni siku nzima-nzima ndani ya bus, kupita Kasumbalesa, kukata Zambia yote na kuendelea. Na treni yenyewe itawabeba asubuhi na kuwarudisha mbele ya jua kushuka, pale pale walipopandia. Walipotangaza habari hiyo katika mkutano wetu wa siku ya posho, mama mmoja aliuliza neno ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Sasa mutalipa makuta yote ile juu ya treni yenye haifike popote?"

Tulicheka wote, na wao pia. Lakini ulizo lilibaki mezani, na kisha wiki mbili tuliona ni vema kulijibu kwa maandiko, kwa sababu ndani yake mna historia ya mji wetu ambayo vijana wengi hawaijui, na hata sisi wenyewe tulikuwa tunaijua nusu-nusu.

Jambo la kwanza ni hili. Reli inayopita Lubumbashi haikuanzia Lubumbashi, wala haikutoka Kinshasa. Ilitoka Cape Town, pwani ya bahari, ikapanda polepole kuelekea kaskazini. Ilifika Kimberley, penye almasi, mwaka 1885. Ilifika Mafeking mwaka 1894 na Bulawayo mwaka 1897. Cecil Rhodes, aliyekuwa anaota reli moja toka Cape mpaka Kairo, alikufa mwaka 1902, reli ikiwa bado haijaona mto Zambezi. Ilifika kwenye maporomoko ya Victoria mwaka 1904, na mwezi wa Septemba 1905 daraja la chuma likafunguliwa: urefu wake ni meta 198, na toka reli mpaka maji ni meta 128. Aliyekuja kulifungua ni Profesa George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin wa vitabu vya biolojia. Mwaka uliofuata, 1906, reli ilikuwa Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo.

Pale ilisimama kwanza. Wenye mali waliogopa kuweka franga zao katika pori ambalo hawakuwa na hakika nalo. Aliyewasukuma ni Robert Williams, mtu wa Scotland, ambaye alikuwa na sehemu yake katika madini ya Katanga na aliona wazi kwamba shaba bila reli ni udongo tu. Desemba 1909 reli ilifika mpaka wetu, karibu na Sakania. Septemba 1910 masini ya kwanza iliingia Élisabethville, mji ambao kwa wakati ule ulikuwa bado majani, hema na barabara zilizochorwa kwenye karatasi. Kwa hiyo tunaposema reli ilifika mjini, tunakosea kidogo. Mji ndio uliofika kwenye reli.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu wa reli wanakijua kwa kichwa: milimeta 1067. Ndio upana kati ya chuma na chuma, na ni ule ule toka Cape mpaka kwetu. Vagoni iliyopakiwa kule bahari ya kusini iliweza kufika Lubumbashi bila kupakuliwa hata mara moja. Ndugu zetu wa mashariki hawakupata bahati hiyo mapema. Reli ya Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, iliyofika ziwa Tanganyika mwaka 1915, ilijengwa kwa upana wa meta moja, na ilibidi kungojea mpaka mwaka 1955 ili ipanuliwe na kulingana na yetu. Tunasema haya juu ya kuonyesha kwamba wale sita wanafuata reli yetu wenyewe, paka upande wake wa pili. (Reli ipo, lakini watapanda bus. Msomaji anajua sababu, hatutazirudilia.)

Mbele ya reli, shaba ya Katanga ilitembea kwa miguu. Misalaba ya shaba iliyoyeyushwa na wazee wetu ilifika mbali sana, na wakati wa M'siri huko Bunkeya misafara ilikuwa inakwenda upande wa Benguela na upande wa pwani ya mashariki, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya watu. Tukihesabu kilo 30 kwa kila kichwa, vagoni moja ya tani 30 ni watu elfu moja. Mtu akifanya hesabu hiyo peke yake, anaelewa haraka kwa nini Union Minière, iliyozaliwa mwaka 1906, haikumwaga shaba yake ya kwanza mpaka Juni 1911, miezi michache kisha treni kufika. Tanuru la Lubumbashi lilihitaji makaa, na makaa yalikuwa Wankie, kusini ya Zambezi. Yalipanda kwa reli ile ile ambayo shaba ilishukia.

Treni ilileta hata maneno. Wazungu wa kwanza wa mji huu wengi walitoka upande wa kusini, na pamoja nao ilikuja ile lugha ya kuamurisha ya migodi ya huko, ambayo hapa iliitwa Kikabanga. Wazee wachache bado wanakumbuka kwamba baba zao walikuwa wanaigiza maneno yake kwa kucheka. Kiswahili kiliishinda katika miaka ya 1920 na 1930, na tunashukuru, maana hatujui tungeandika kitabu hiki kwa namna gani.

Sasa tufike kwenye neno gumu. Katika mkutano ule ule, mzee mmoja ambaye sisi wote tunamheshimu alisimama na kusema: "Batoto, mimi siwezi kuipigia ile masini makofi. Njo ilipelekaka shaba yetu. Njo ililetaka baba yangu huku, na hakurudiaka kwao tena." Hakuna aliyecheka. Wale sita waliinamisha vichwa.

Mzee ana haki, na historia inamsimamia. Mwaka 1910, mwaka ule ule wa treni ya kwanza, ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi, na watu wa vijiji wanajua "kutafuta" kulikuwa na maana gani. Watu waliletwa toka mbali, wengine toka Kasai, wengine baadaye toka Rwanda na Burundi. Tukienda upande wa Matadi, hali ilikuwa mbaya kupita. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilijengwa toka 1890 mpaka 1898, na walioijenga walikuwa watu wa Bas-Congo, watu wa Afrika ya magharibi, hata Wazanzibari na Wachina. Hesabu rasmi ilisema walikufa wazungu 132 na weusi 1800, na wanahistoria wengi wanaona kwamba ile hesabu ya pili ni ndogo kuliko ukweli. Mtu anayependa masini za moshi na hataki kusikia habari hizo, anapenda picha ya kalenda tu.

Lakini tulimwomba mzee ruhusa ya kuongeza jambo moja, naye alitupa. Upande wa Rhodesia, kazi ya kuongoza masini ilikuwa kazi ya mzungu, na vyama vyao vya wafanyakazi viliilinda kama mboni ya jicho. Kusini zaidi, katika inchi ya ubaguzi, ilikuwa vilevile. Upande wetu, miaka mingi mbele ya 1960, mtu mweusi alikuwa anashika regulateri kwa mkono wake mwenyewe na kupeleka treni. Hayo hayakutoka kwa wema: mzungu alikuwa na bei kubwa, mweusi alikuwa na bei ndogo. Hata hivyo kazi ilijulikana na ikawa yetu. Watoto wa Makomeno na wa makambi mengine ya reli walikua wakijua kwamba baba wa jirani anaendesha tani mia kwa mia, na mpaka leo wapenzi wa Saint-Éloi Lupopo, timu iliyozaliwa mwaka 1939, wanajiita Cheminots, hata wale ambao hawajapanda treni siku moja.

Na hapa tuseme kidogo juu ya neno "shofere". Leo shofere ni mtu wa motokari. Lakini kwa Kifaransa maana yake ya kwanza ni mtu anayepasha moto, yaani yule aliyesimama nyuma ya masini ya moshi na pelo mkononi. Magari ya kwanza yalipotoka Ulaya walichukua jina lake na kulipa mtu mwingine. Shofere wa kweli alikuwa huyu wa moto, na masinisti alikuwa mwenzake. Walikuwa wawili siku zote.

Mzee mmoja aliyefanya kazi hiyo katika ujana wake alitueleza masaa mawili mazima, na tungeweza kumsikiliza mpaka usiku. Watu wanafikiri shofere anatupa makaa tu. Hapana. Moto wa masini haupaswi kuwa mlima. Unapaswa kulala kama mukeka, mwembamba katikati, mnene kidogo pembeni, usiwe na tundu, maana kwenye tundu hewa ya baridi inaingia na mvuke unashuka. Shofere anasoma moshi. Ukiwa mweusi sana, anapoteza makaa. Usipoonekana kabisa, hewa inapita kupita kiasi. Ule wa kijivu chepesi ndio mzuri. Mlima ukiwa mbele, anaanza kutengeneza moto kilometa nyingi mbele ya kuufikia, kwa sababu mvuke wa mlima unapikwa katika tambarare. Kwa hiyo lazima ajue njia yote kwa moyo, hata usiku.

Na juu ya yote ni maji. Kuna kioo kidogo kinachoonyesha urefu wa maji ndani ya pipa, na macho ya shofere hayakiachi. Maji yakishuka chini ya paa la sanduku la moto, chuma kinakuwa chekundu, kinalegea, na masini inaweza kupasuka na kuua wote wawili. Ndiyo sababu katika paa hilo waliweka vizibo vyenye risasi ndani: maji yakikosekana, risasi inayeyuka, mvuke unaangukia moto na kuuzima. "Ukiyeyusha risasi," mzee alituambia, "unapona, lakini kazi imekwisha. Hata bibi yako atajua." Kuingiza maji kulikuwa na ufundi wake, kwa chombo kinachoitwa enjekteri, ambacho kinatumia mvuke wa masini yenyewe kusukuma maji ndani ya pipa lililojaa mvuke ule ule. Tulimwambia hatuelewi namna gani inawezekana. Alisema hata yeye hakuelewa miaka miwili ya kwanza, alikuwa anasikia kwa sikio tu: ikishika, inaimba.

Kazi hii ilikufa namna gani kwetu? Tusidanganye kwamba iliuawa na uvivu. Ilishindwa na jambo ambalo tunaweza kujivunia. Katanga ilikuwa na mito na maporomoko, na mwaka 1952 BCK iliweka umeme kwenye reli kati ya Jadotville, yaani Likasi, na Tenke, kwa mtindo wa umeme wa nguvu kubwa wa aina ile ile ya mjini. Ilikuwa kati ya reli za kwanza duniani kutumia mtindo huo, ambao kisha ulienea katika inchi nyingi. Nyaya zikaendelea, zikafika Lubumbashi na Kolwezi. Kwingine, ambako nyaya hazikufika, dizeli ilikuja kuchukua nafasi. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, na kwa wakati ule masini ya moshi ilikuwa tayari kitu cha wazee. Tuliuliza wastaafu: siku gani masini ya mwisho ilizimwa moto kwenye depo yenu? Kati ya wote tuliowauliza, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema. Jioni moja ilizimwa kama kila jioni, na kesho yake hakuna aliyeiwasha. Kisha chuma nyingi ilikatwa na kuuzwa kwa kilo.

Kwingine mambo yalikwenda namna ingine, na ni hapo tunafikia wale ambao ugonjwa wao umewapata wenzetu sita. Kule Wales, kulikuwa na reli ndogo ya mawe inayoitwa Talyllyn, iliyokuwa karibu kufungwa. Mwaka 1951 watu wa kawaida, walimu, makarani, mafundi, waliishika wenyewe na kuiendesha bila mshahara. Wengi waliwaona wendawazimu. Ndio walioanzisha mtindo huu duniani. Uingereza yote ilizima masini zake za moshi kwenye reli kubwa Agosti 1968, na siku hizi kuna reli za wapenzi kila upande. Wabelgiji, waliotuletea masini nyingi, wana yao toka mwaka 1973, ile ya Trois Vallées, kati ya Mariembourg na Treignes.

Afrika ya Kusini ilichelewa kuacha moshi, kwa sababu makaa yake ni mengi na bei yake ni ndogo. Ilifikia mwanzo wa miaka ya 1990 ikiwa bado na masini kubwa kazini. Ndiyo maana walikuwa bado na chuma cha kuokoa, na zaidi ya chuma, walikuwa na watu wenye kujua. Mjini Pretoria chama kinachoitwa Friends of the Rail kilikusanya masini na mabehewa ya zamani huko Hermanstad, na kwa miaka mingi wanachama wake wamekuwa wakipeleka wageni Cullinan. Ni mji wa mgodi kama miji yetu. Mwaka 1905, mwaka ule ule wa daraja la Zambezi, kulitoka pale almasi ya karati 3106, kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati ule. Wageni wanashuka, wanatembea, wanakula, na alasiri wanarudi.

Wenzetu wameisha kujifunza siku hiyo inavyokwenda, na wanaisimulia kama watu waliokwisha kuiona. Siku moja mbele, masini ni baridi kama jiwe. Moto unawashwa polepole, maana chuma ikipashwa haraka inavutana na kupasuka kwenye viungo. Ni kazi ya masaa mengi, na mtu analala pale pale kuuangalia. Mabomba ya moshi yanasuguliwa. Mafuta yanatiwa kwa mkono kwenye kila kiungo. Alfajiri mvuke unapanda. Abiria wanafika na vikapu vya chakula, watoto na vizee, wengine na kofia za zamani. Katika majira ya kiangazi wanaogopa cheche, kwa sababu majani makavu kando ya reli yanashika moto kwa dakika moja. Na tarehe yenyewe si Injili: lazima kibali cha reli kipatikane, lazima pipa liwe limepimwa na kupewa cheti. Wenzetu wamekwisha kubadilishiwa tarehe mara moja. Walinung'unika kidogo, kisha wakaendelea kuhesabu siku upya.

Basi, mama yetu aliuliza juu ya nini wanalipa. Tunadhani wanalipa kwa kuona jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha. Masini iliyosimamishwa kwenye jiwe mbele ya jengo haisemi chochote juu ya mukeka wa moto, wala juu ya enjekteri inayoimba. Hayo yanaishi katika mikono ya mtu, na mtu huyo akienda bila kumfundisha mwingine, chuma inabaki chuma. Sisi hatuna masini ya kuwasha, na hatutawadanganya wasomaji kwamba kesho tutakuwa nayo. Pipa, cheti, makaa, bima, reli yenye kibali: hesabu yake inapita chama chetu mbali sana. Lakini mashofere wachache bado tunao, na wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo mkutano uliamua kwamba wale sita hawaendi na vikapu tu. Kila mmoja atakuwa na daftari. Tangu wiki tatu wanakwenda kwa mzee wa moto siku ya yenga kisha misa, wanaandika majina ya vyombo namna alivyoyatamka, ya Kifaransa yaliyogeuka Kiswahili na yale ambayo wafanyakazi walijitungia wenyewe, ili kule wakiona chombo waseme jina lake. Mpaka sasa wamepata maneno zaidi ya sitini. Yule mzee mwingine, aliyekataa kupiga makofi, naye ametuma neno: waandike pia majina ya makambi ambayo baba zao walipitishwa toka kijijini mpaka Lubumbashi, yeye mwenyewe atawasomea. Ameanza jumapili iliyopita. Amefikia kambi ya nne.

Mzee wa moto hakuomba zawadi toka kusini. Ameomba waangalie jambo moja na kumletea jibu: mlango wa sanduku la moto, mashofere wa kule wanaufungua kwa mkono ao kwa mguu? Maana wao, hapa, walianza kwa mkono, na kisha zilikuja masini zenye pedali, na tangu wakati ule anabishana na rafiki yake juu ya namna gani iliyo nzuri. Rafiki alikufa bila kukubali. Anataka kujua.